Kemia ya Mikono: Kujiandaa kwa Mtihani wa Vitendo

  Uwe na kalamu na daftari karibu, maana leo kuna hesabu.

Tunaongea na wewe uliye S.4, uwe Arua mjini, Koboko, Lobule, Rhino Camp au Imvepi, unayeelekea mtihani wa UCE. Kemia huwezi kuikwepa. Katika mtaala mpya wa sekondari, ambao watahiniwa wa kwanza waliufanyia UCE mwaka 2024, kemia ni moja ya masomo saba ya lazima. Asilimia 80 ya alama zako hutoka kwenye mtihani wa mwisho wa UNEB. Asilimia 20 ni kazi ulizofanya darasani tangu S.3, na shule ndiyo inayozituma. Kwa hiyo kama ulihama shule katikati, labda familia ilitoka kambini ikaja mjini, usikae kimya ukidhani alama zako zimekufuata zenyewe. Nenda kwa mwalimu wa taaluma umwulize. Na kama ulisoma Kongo au Sudan Kusini kabla ya kuja Uganda, vyeti vyako vinatakiwa kulinganishwa na UNEB kabla ya kusajiliwa. Hilo hufanywa mapema, wala si wiki ya mtihani.

Sasa tuingie kwenye kemia yenyewe. Kuna karatasi ya nadharia na karatasi ya vitendo, na leo tunakaa kwenye hiyo ya pili, kwa sababu ndiyo inayowatisha wengi. Mwanafunzi anaweza kukariri jedwali la elementi mwaka mzima, kisha siku ya vitendo akasimama mbele ya byureti kama mtu aliyepewa usukani wa lori bila kufundishwa. Shule nyingi zetu zina vifaa vichache na wanafunzi wengi, na kemikali hufunguliwa mihula ikielekea ukingoni. Hilo huwezi kulibadilisha leo. Unachoweza kubadilisha ni mikono yako na macho yako, na sehemu kubwa ya mazoezi hayo haihitaji maabara.

Maswali ya siku hizi huanza na kisa. Hebu tutunge kimoja. Mama mwenye hoteli ndogo Koboko ananunua siki sokoni. Kibandiko cha chupa kinasema kuna gramu 5 za asidi katika kila sentimita 100 za ujazo. Anashuku mwuzaji ameongeza maji. Wewe unasoma kemia, msaidie.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kumimina. Subiri. Kwanza andika unachotaka kujua: je, siki hii ina asidi kiasi kinachosemwa? Kisha andika utakachobadilisha, utakachopima, na utakachokiacha vilevile kila mara. Katika kisa chetu unapima ujazo wa siki, na unaacha vilevile kiasi cha alkali na matone ya kiashiria. Andika hatua zako kwa utaratibu ambao mtu mwingine angeweza kuufuata bila kukuuliza. Mpango huo una alama zake hata kabla hujagusa kifaa.

Siki ni kali mno kwa alkali tutakayotumia, kwa hiyo unaizimua mara kumi: sentimita 10 za ujazo za siki, kisha unaongeza maji hadi zifike 100. Hiyo iliyozimuliwa inaingia kwenye byureti. Kwenye flaski unaweka kwa pipeti sentimita 25 za ujazo za hidroksidi ya sodiamu yenye moli 0.1 kwa lita, na matone mawili matatu ya fenolfthalini. Flaski inageuka waridi. Unadondosha siki taratibu huku ukizungusha flaski, mpaka waridi inatoweka.

Maelezo hayo ni rahisi, lakini alama hupotelea kwenye vitu vidogo. Byureti huoshwa na ile asidi itakayoingia ndani yake, na pipeti huoshwa na alkali yake. Ukiosha kwa maji peke yake, matone yanayobaki yatazimua kimiminika chako. Flaski ni kinyume: ioshe kwa maji tu, kamwe usiioshe kwa alkali. Pipeti imepima kiasi kamili unachokihitaji, na alkali iliyobaki kwenye kuta za flaski ingeongeza kisichohesabiwa. Maji hayadhuru hapo, kwa sababu hayaongezi wala kupunguza moli za alkali.

Ondoa faneli juu ya byureti kabla ya kusoma, maana tone moja likianguka baadaye linaharibu hesabu. Weka karatasi nyeupe chini ya flaski ili rangi ionekane. Uso wa kimiminika ndani ya byureti haulali sawasawa, hubonyea katikati kama bakuli. Soma chini ya bakuli hilo, jicho likiwa usawa wake. Kama byureti ni ndefu kuliko wewe, ishushe au panda juu ya kitu. Usisome ukiwa umeinua kidevu. Na tone la mwisho linalong'ang'ania kwenye ncha ya pipeti liache hapo hapo. Mimi mwaka wangu wa mtihani nililipuliza kwa bidii kabisa, nikiamini naokoa kitu, kumbe pipeti imetengenezwa kwa kuhesabu kwamba tone hilo linabaki.

Tuseme usomaji wa kwanza, ule wa haraka wa kupata makadirio, ulikupa 38.20. Wa pili 37.55. Wa tatu 37.45. Kila mara ulijaza byureti upya, kwa sababu ina sentimita 50 tu, na ukianzia ulipoishia itakauka njiani. Wastani unachukua ya pili na ya tatu tu, kwa sababu zinakaribiana: 37.50. Ile ya kwanza iandike kwenye jedwali lakini usiiingize kwenye wastani. Ukiiingiza unapata 37.73, na kosa hilo linafuatana nawe hadi mwisho. Wala usifute namba isiyokupendeza ukaandika nzuri zaidi. Msahihishaji ana matokeo ya mwalimu wako mbele yake, na namba za kutunga hujulikana.

Sasa hesabu. Moli za alkali kwenye flaski ni 0.1 mara 25 gawanya kwa 1000, sawa na 0.0025. Moli moja ya alkali hula moli moja ya asidi ya siki, kwa hiyo asidi nayo ni 0.0025. Hizo zilikuwa ndani ya sentimita 37.50, basi lita moja ina 0.0025 gawanya kwa 37.50 mara 1000, yaani 0.0667. Lakini siki tuliizimua mara kumi, kwa hiyo ile ya chupani ina moli 0.667 kwa lita. Moli moja ya asidi hiyo ni gramu 60. Zidisha: gramu 40 kwa lita, sawa na gramu 4 katika sentimita 100. Kibandiko kilisema 5. Mama alikuwa na haki ya kushuku.

Malizia kwa kumjibu mama. Wanafunzi wengi hufika kwenye 40, wakapiga mstari chini yake, wakafunga kitabu. Kisa kiliuliza kama siki imeongezwa maji. Andika sentensi inayojibu hivyo, na ueleze namba gani imekuonyesha.

Neno moja kwa mliosoma Kongo, Aru au Ariwara au kwingine. Alama za elementi hazibadiliki mpakani: Fe ni Fe, Pb ni Pb. Majina ndiyo yanayobadilika. Ile uliyoijua kama azote, karatasi ya UNEB itaiita nitrogen, na soude caustique ndiyo sodium hydroxide. Tengeneza daftari la kurasa mbili, jina la kule upande mmoja na la huku upande wa pili. Halafu kuna mkato. Kule unaandika 37,50. Huku andika 37.50 kwa nukta, kwa sababu hapa mkato hutenga maelfu.

Na sisi sote, tuwe tumetoka upande gani, tujihadhari na neno clear. Halina maana ya kutokuwa na rangi. Maji ya salfeti ya kopa unaona kupitia kwake, kwa hiyo ni clear, lakini ni ya buluu. Fenolfthalini ikipoteza waridi, unachoandika ni colourless. Usiandike white pia, maana nyeupe ni maziwa.

Mazoezi ya nyumbani je? Nunua sirinji ya mililita 5 kwenye duka la dawa, bila sindano. Loweka karkade, ile inayotengenezewa kinywaji chekundu, kwenye maji ya moto kidogo. Hicho ni kiashiria chako. Chuja maji ya majivu, kama yale yanayotumika kulainishia mboga. Kamua limau moja kwenye glasi ya maji. Weka mililita 5 za maji ya majivu kwenye kikombe cheupe au glasi juu ya karatasi, ongeza matone kadhaa ya karkade: rangi itageuka kijani au buluu iliyofifia. Osha sirinji kwa maji kwanza, kisha kwa maji kidogo ya limau, ujaze maji ya limau na udondoshe tone kwa tone ukizungusha, mpaka wekundu urudi. Ukiona vipovu, hiyo ni kabonidayoksaidi, kwa sababu majivu yana kaboneti. Andika ulipoanzia na ulipoishia. Rudia mara tatu. Karkade haigeuki kwa tone moja kama fenolfthalini, kwa hiyo usitafute ukamilifu. Tafuta majibu matatu yanayokaribiana. Kama rangi inageuka haraka mno, ongeza maji kwenye limau.

Lakini hapa tuelewane. Maji ya majivu yanauma macho na ngozi, kwa hiyo watoto wadogo wakae mbali, na ukimaliza osha mikono na vyombo. Usifanye mazoezi kwa asidi ya betri ya sola au ya gari, inachoma. Na usichanganye dawa ya kufulia ya klorini, kama Jik, na limau, siki au asidi yoyote. Hutoa gesi ya klorini, nayo huumiza mapafu.

Kama shule yenu ina byureti mbili kwa watu themanini, mwombeni mwalimu awaruhusu kuzijaza maji ya kawaida jioni. Kusoma namba, kufungua bomba kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unazungusha flaski, kusimamisha kwenye tone moja, yote hayo hujifunzwa kwa maji, na maji hayana bei ya kemikali. Mmoja asome kwa sauti, mwenzake asome kimya, kisha mlinganishe. Tofauti ikizidi 0.10, mmoja wenu jicho lake halikuwa usawa.

Kuhusu karatasi za mtihani zinazonong'onezwa kwamba zinauzwa, usinunue. Mara nyingi ni za uongo, na zikiwa za kweli UNEB hufuta matokeo.

Kabla hujaiweka karatasi hii pembeni, fanya hili peke yako. Mama wa Koboko ameleta chupa ya pili, kutoka kwa mwuzaji mwingine wa Arua, kibandiko ni kilekile. Umeizimua mara kumi, alkali ni ileile, na usomaji wako ni 30.60, 30.05 na 29.95. Je, na hii imeongezwa maji? Hesabu kwanza, ndipo usome mstari ufuatao.

Wastani 30.00; moli 0.0833 kwa lita baada ya kuzimuliwa, 0.833 chupani, gramu 50 kwa lita, sawa na 5 katika sentimita 100. Haikuongezwa maji.