Taa kali za gari na macho yetu usiku



Msishangae kuona ukurasa wa afya mwezi huu unazungumzia taa za magari. Mimi ni muuguzi, si fundi. Lakini mambo yanayoanzia gereji mara nyingi huishia wodini, na hili limenigusa kwa karibu kuliko ninavyopenda kukiri.

Dereva wa gari letu la wagonjwa, mzee tuliyefanya naye kazi kwa miaka mingi, alianza kulalamika kwamba taa za Land Cruiser zimekufa. Alisema usiku, akiteremka kutoka Mlowo kuja Kamsamba, haoni shimo mpaka tairi limekwisha kuingia. Hilo ni jambo zito. Barabara ile inashuka kutoka nyanda za juu hadi bonde la Rukwa, ina kona na vumbi, na mama aliyekwama katika uchungu hachagui saa. Tukamhurumia, tukachanga, nami nikiwemo. Zikanunuliwa zile taa nyeupe ambazo mafundi huziita HID au zenoni. Fundi mmoja alizifunga kwa muda usiozidi saa moja. Jioni ile tulisimama uwanjani kuzitazama, tukapiga makofi, kwa kuwa mwanga ulifika hadi kwenye miembe.

Hazikupita wiki tatu akaletwa kijana wa bodaboda, paja limevunjika. Hakugongwa na mtu. Gari lilimjia kwa mbele, akaona weupe mtupu, akatoka barabarani na kutumbukia mtaroni. Nilipomwuliza ni gari gani, alinitazama kwa mshangao. "Mama, si hilihili lililonileta?"

Kumbe ndivyo. Dereva wetu alimwona akianguka kupitia kioo cha pembeni, akageuza na kumpakia. Usiku ule sikulala vizuri.

Tangu hapo nimeuliza mafundi na kusoma, na haya ndiyo niliyoyaelewa. Balbu ya kawaida ya halojeni ina uzi mwembamba wa madini ya tangsteni unaowaka kwa joto. Ile ya aina ya H4, iliyomo katika magari mengi ya kwetu, ina nyuzi mbili, mmoja wa fulu na mwingine wa dimu. Chini ya uzi wa dimu kuna kikopo kidogo cha bati. Kazi yake ni kuzuia mwanga usigonge nusu ya chini ya bakuli la taa, maana ukigonga hapo huruka juu na kuingia machoni mwa anayekuja. Bakuli lenyewe limepimwa kiwandani kwa ajili ya uzi ule, mahali pale pale. Ukiusogeza kwa milimita chache tu, mwanga hupotea njia.

Taa ya HID haina uzi. Umeme huruka kati ya ncha mbili ndani ya kichupa chenye gesi ya zenoni na chumvi za madini, kama radi ndogo isiyozimika. Kuiwasha kunahitaji kijisanduku kiitwacho balasti, ambacho hupandisha umeme wa betri wa volti 12 hadi kufikia volti zipatazo 20,000 au zaidi kwa kitambo cha kuanzia. (Akina baba mnaopenda kufungua boneti huku watoto wamesimama karibu, kumbukeni hesabu hiyo.) Ikishawaka hutumia wati 35 tu, na bado hutoa mwanga zaidi ya mara mbili ya dimu ya halojeni ya wati 55.

Kwa hiyo si taa mbaya kwa asili yake. BMW ya Ujerumani iliuza magari yenye taa hizo tangu 1991, lakini taa nzima iliundwa kwa ajili ya balbu hiyo. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa Ulaya zinadai kwamba gari lenye taa za mwanga mwingi namna hiyo liwe na mtambo wa kuishusha taa wenyewe mzigo unapoongezeka nyuma, na tena kifaa cha kuosha vioo vyake, kwa sababu tope huutawanya mwanga. Sisi tulichomoa balbu ya halojeni, tukachomeka HID katika bakuli lile lile, bila mtambo wala kifaa. Mwanga ulioruka hadi kwenye miembe, ambao tuliupigia makofi, ndio uliokuwa ukienda machoni mwa watu. Balbu za LED zinazouzwa siku hizi kwa kuchomekwa mahali pa halojeni zinaweza kuleta shida hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye jicho, maana hapo ndipo pangu. Nyuma ya jicho kuna chembe za kuonea mchana na nyingine za kuonea gizani. Hizi za gizani hutumia rangi maalumu inayotengenezwa kwa vitamini A. Mwanga mkali huifuta rangi hiyo. Mtu aliyetoka kwenye mwanga mwingi huweza kuchukua nusu saa hivi kabla jicho lake halijazoea giza kikamilifu. Gari likipita tu, upofu wake ni wa sekunde chache, lakini fanya hesabu: kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hupita mita 17 hivi kila sekunde. Sekunde 3 ni mita 50, nusu ya uwanja wa mpira, mtu amefumba macho. Katika mita hizo 50 za barabara yetu mna ng'ombe, mna baiskeli isiyo na taa, mna watu wanaotoka kwenye mkesha.

Siku chache baada ya ajali nilimwita dereva wetu chumba cha macho. Hakupenda. Alisema macho yake ni mazima, kwani mchana anamtambua mtu akiwa bado ng'ambo ya daraja la Momba. Nikamsimamisha mita 6 kutoka kwenye ubao wa herufi. Jicho la kulia alisoma mistari mitatu. La kushoto alisoma mmoja, tena kwa kubahatisha. Nilipommulika kwa tochi, mboni zilikuwa na ukungu kama maji yaliyotiwa maziwa kidogo. Ni mtoto wa jicho, na si wa jana.

Mtoto wa jicho huja polepole mno hata mwenyewe asijue. Dalili ya mwanzo kwa wengi ni hiyo hiyo ya kuchukia taa za magari usiku, kuziona zina duara au miale pembeni. Lenzi ya jicho iliyochafuka huutawanya mwanga, kama kioo cha gari chenye vumbi unapolielekea jua la asubuhi. Mtu huyo haponi kwa kuongezewa taa. Kwenye barabara tupu ataona nafuu kidogo, na hapo atajidanganya, lakini likitokea gari jingine mbele yake amekwisha. Tulichanga fedha ya taa wakati mgonjwa alikuwa jicho. Mimi ninayepima macho ya watu kila wiki nilikaa na mzee yule meza moja kwa miezi, sikumwuliza swali hata moja.

Upasuaji wa mtoto wa jicho si wa kuogopwa. Daktari huitoa lenzi iliyochafuka na kuweka nyingine ya bandia, na kwa kawaida mgonjwa hulazwi siku nyingi. Wetu alipelekwa Mbeya, jicho moja kwanza, kisha la pili. Kila aliyefika miaka 40 na anaendesha chombo chochote, hata pikipiki, apimwe macho, pia presha ya macho, ambayo huiba uwezo wa kuona bila maumivu.

Na taa za Land Cruiser je, hazikuwa na kasoro? Zilikuwa nayo. Fundi mwingine, mtu mzima wa Tunduma asiye na maneno mengi, alizirudisha balbu za H4 na kutazama nyaya. Zilikuwa na kutu kwenye viungio, umeme unafika umechoka. Kwa halojeni, volti zikipungua kwa sehemu 1 ya 10, mwanga hupungua karibu theluthi moja. Akasafisha viungio, akaweka waya mnene na rilei, akafuta vumbi lililoingia ndani ya bakuli. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ile HID. Kwenye Noah na magari mengine yenye taa za plastiki, tazama kama plastiki imekuwa ya njano. Hiyo peke yake hula mwanga mwingi, na inasuguliwa ikang'aa tena.

Kisha alipima mwelekeo, na hili kila mwenye gari anaweza kulifanya. Simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, tairi zina upepo sawa. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini, chora mstari wa chaki ukutani kwa kimo hicho. Washa dimu. Ukingo wa juu wa mwanga uwe chini ya mstari kwa sentimita 10 hivi. Msimu wa mpunga ninyi wenye Canter na kirikuu mnapakia magunia nyuma mpaka pua ya gari inatazama mbinguni, na dimu yenu inakuwa fulu. Pia msinunue taa kuukuu bila kuuliza zilitoka gari la nchi gani. Taa nyingi za nchi zinazopita kulia zimeundwa kutupa mwanga mrefu upande wa kulia, ambako sisi ndiko anakotoka mwenzio.

Ukimulikwa, punguza mwendo na utazame ukingo wa kushoto wa barabara. Usilipize kwa fulu, mtakuwa vipofu wawili. Zile miwani za njano zinazouzwa kwa madereva wa usiku zisikudanganye: utafiti wa Marekani uliochapishwa 2019 haukuona kwamba zinamsaidia dereva aliyemulikwa kumtambua mtembea kwa miguu. Futa kioo cha mbele kwa ndani pia, maana moshi na mafuta ya mikono hukaa humo.

Akina mama, mnaporudi na watoto kutoka mkesha, tembeeni upande wa kulia ili myaone magari yanayowajia, na mtoto avae kitu cheupe. Mtoto anayejikwaa kila jua likizama aletwe kliniki, huenda amepungukiwa vitamini A. Matone yake hutolewa kila miezi sita kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, na nyumbani kuna maembe, mapapai, matembele, ini na viazi vitamu vya rangi ya chungwa.

Kijana wa bodaboda anatembea sasa, anachechemea kidogo. Mzee amerudi kazini na haulizii tena taa. Ile HID imo katika boksi stoo, na mstari wa chaki bado uko kwenye ukuta wa nyuma wa wodi ya wazazi. Mwenye gari anayetaka kupima taa zake aje siku yoyote jioni. Akija, nitampima na macho.