Kinanda cha Ufunguo, Saa Yenye Koo

Je, wajua ya kuwa kinanda cha santuri, kile cha zamani kinachotiwa ufunguo kwa mkono, hakina ndani yake hata chembe ya umeme, na kwamba nguvu yote inayokizungusha hutoka katika kamani moja, ukanda wa chuma wenye urefu wa mita kadhaa uliokunjwa kama mkeka ndani ya kasha la duara? Mimi sikuyajua hayo siku nilipokitoa kinanda cha marehemu babu yangu uvunguni mwa kitanda, hapa Gulwe, kikiwa kimeshiba vumbi na kimenyamaza miaka mingi kuliko umri wangu. Babu alikuwa mtu wa reli. Katika zama zake Gulwe ndiyo iliyokuwa stesheni ya kushukia wasafiri wa Mpwapwa, na Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, ndiyo iliyopandisha bara vitu vya pwani, vinanda vikiwamo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani ya kwamba maradhi ya mashine yako pale yanaposikika. Kwa kuwa kinanda kilikuwa kikikoroma na kulegea katikati ya wimbo, niliandama sanduku la sauti, nikalifungua, nikalifuta, nikalifunga, nisipate nafuu. Kisha nikamimina mafuta ya cherehani katika kila tundu nililoliona, nayo yakachanganyika na vumbi yakawa tope. Fundi saa mmoja mzee wa Mpwapwa, niliyempelekea kinanda kwa unyonge, hakunicheka. Aliuliza tu kama nimekitia ufunguo, na nilipokiri, aliniondoa mkono upesi.

“Mwanangu, kamani haifunguliwi ikiwa na nguvu,” akasema. “Iache izunguke mpaka ichoke yenyewe, ndipo tuiamkie.”

Tulipoifungua tuliona grisi ya kale imeganda kama ulimbo, imezishika kunjo za kamani zikawa zinaachana kwa kishindo badala ya kuteleza, na huko ndiko kulikotoka ule mkoromo. Tuliiosha kwa mafuta ya taa, tukaipaka grisi mpya yenye unga mweusi ule wa kalamu ya risasi, na kazi hiyo ilitushika tangu asubuhi hata alasiri.

Lakini ajabu ya mashine hii haiko katika kamani. Nguvu isiyo na mzuizi sisi watu wa Gulwe twaijua: mto Kinyasungwe, mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, ukishuka na mvua huibeba reli, kama ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010, njia ilipokatika kati ya Kilosa na Gulwe. Kamani nayo, lau ingeachwa, ingejimwaga yote kwa dakika moja. Kinachoizuia ni kidude kidogo kuliko kidole gumba: mhimili mwembamba unaozunguka kwa kasi kubwa kuliko sahani, umezungukwa na vipande vitatu vya risasi, kila kimoja kimeshikwa na bamba jembamba la chuma. Mwendo ukizidi, risasi hutanuka kwenda nje, mabamba hupinda, nayo yakipinda huvuta kisahani kinachokwenda kujisugua katika kipande cha ngozi au sufu, na msuguo huo huurudisha mwendo katika kadiri yake. Mwendo ukipungua, risasi hurudi ndani na kisahani huachia. Hakuna anayeamrisha, ila mashine hujikanya yenyewe, mara kwa mara, muda wote wa wimbo. Kwa maoni yangu hili lastahili sifa kuliko tarumbeta na mbao zilizopigwa vanishi, na anayekiita kinanda mwimbaji amekosea nusu: ni saa yenye koo.

Koo lenyewe ni jepesi kueleza. Sindano hufuata mfuo wa santuri, hutikisika, na mtikisiko hupanda kwa mkono mdogo wa chuma hadi kwenye utando, ambao katika vinanda vya awali ulikuwa wa ulanga, madini yaliyochimbwa pia katika milima ya Uluguru, na katika vya baadaye ukawa wa alumini. Utando hukalia pete za mpira. Mpira ukizeeka huwa mgumu kama mfupa, na sauti hukwaruza. Nilikata pete mpya, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyoifanya peke yangu.

Thomas Edison alitangulia mwaka 1877 kuhifadhi sauti katika mcheduara, na Emile Berliner akaleta sahani bapa mwaka 1887. Sahani hizo za kale zilifinyangwa kwa lakha, utomvu wa wadudu wa miti ya India, uleule uliofanya lakiri ya barua, ukachanganywa na unga wa mawe. Kwa sahani za namna hiyo Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake, na santuri zake zikasikiwa na watu wasiopata kumwona. Babu aliacha moja, imepasuka ukingoni.

Nilipoiweka, Siti alitoka na sauti ya mtoto. Fundi alichomeka kipande cha karatasi chini ya ukingo wa santuri, akatazama saa, akanihesabisha: mizunguko 91 kwa dakika, na haki yake ni 78. Alisogeza kidogo sana kishikio cha mwendo, tukahesabu tena, 80, tena, 78, na sauti ikashuka ikawa ya mtu mzima.

Neno moja kwa aliye na kinanda kama hiki nyumbani: sindano ya chuma ni ya upande mmoja tu wa santuri. Ule unga wa mawe huichonga makusudi ili ilingane na mfuo, na ikirudiwa, ncha yake iliyokwisha kulika huuharibu mfuo huo. Vibati vya sindano viliuzwa vikiwa na 200. Hiki nilichorithi kimebakiwa na 31.