Wakala Akishatoa Amri, Anasomaje Majibu?

Mawakala wa akili unde siku hizi hawaishii kukuandikia msimbo na kukuachia ukaujaribu mwenyewe. Wanafungua terminali, wanasakinisha programu, wanaendesha majaribio na kuwasha seva. Tumebishana sana kuhusu amri wanazostahili kuruhusiwa. Upande wa pili wa suala hili hautajwi sana: amri ikishatekelezwa, wakala anasomaje kilichorudi?

Wengi huchukua njia ya mkato ya kumbwagia kila kitu. Modeli ya lugha inayomwendesha wakala husoma maandishi kwa vipande viitwavyo tokeni, na idadi ya vipande inavyoweza kuvishika kwa mara moja ina kikomo. Kujenga programu kubwa mara moja tu kunaweza kutoa maelfu ya mistari, na karibu yote ni taarifa za kawaida. Kosa lenyewe huenda liko kwenye mstari mmoja katikati. Ukiingiza yote, unalipia tokeni zisizo na faida na kuyasonga maagizo uliyompa wakala mwanzoni. Ukikata kwa kubahatisha, huenda ukakata palepale penye kosa.

Tena maandishi hayo si safi kama yanavyoonekana. Terminali ya VT100 ya kampuni ya Digital Equipment, iliyotoka mwaka 1978 ikiwa na skrini ya mistari 24 ya herufi 80, ilieneza mtindo wa kuiamuru skrini kwa alama zisizoonekana, na terminali za leo bado zinaufuata, hata katika kupaka rangi. Mtu huona neno jekundu, modeli huona neno lililotanguliwa na takataka kama [31m. Mstari wa upakuaji unaopanda hadi asilimia 100 mbele ya macho yetu ni mmoja, lakini ukirekodiwa kwenye faili unaweza kugeuka mamia ya nakala zinazofanana.

Dawa ya matatizo haya ni kuhifadhi matokeo yote nje ya modeli, kuyasafisha, kisha kumpa wakala zana za kuyaulizia. Anahitaji chache tu: kusoma mistari ya mwisho, kutafuta neno pamoja na mistari inayolizunguka, kusoma kuanzia mstari fulani hadi mwingine, na kujua kama programu bado inaendelea au imekwisha. Mafundi wa Unix walikuwa na vifaa vya namna hii zamani: grep ya kutafuta maneno ilikuwapo tangu 1973. Leo wengi huwaendeshea mawakala wao vikao ndani ya programu ya tmux, ambayo amri yake ya capture-pane hunakili yaliyomo dirishani. Tahadhari: tmux isipobadilishwa mipangilio hukumbuka mistari 2,000 tu kwa kila dirisha, na ya zamani zaidi hutupwa. Kwa kikao kirefu, elekeza matokeo kwenye faili tangu mwanzo.

Zana ya hali ya programu ndiyo inayopuuzwa zaidi, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kila programu kwenye Linux ikimaliza huacha namba: 0 ni kufaulu, nyingine yoyote kwa kawaida ni hitilafu. Chukua jaribio linalokatika ghafla bila kuandika neno. Wakala anayesoma maandishi peke yake haoni kosa lolote, hivyo atadhani mambo ni shwari. Namba ingemweleza: 137 maana yake programu imeuawa kwa nguvu, mara nyingi kwa sababu kumbukumbu ya mashine imejaa.

Upo pia mtego ambao mawakala huutega wenyewe. Ili kuokoa tokeni, wakala huandika make | tail -20, yaani jenga programu kisha nionyeshe mistari 20 ya mwisho. Hapo bash, programu inayopokea amri za terminali, hurudisha namba ya tail, si ya make. Tail imefanya kazi yake vizuri, basi inarudi 0, hata kama ujenzi umeanguka. Wakala anakutangazia ushindi kwa moyo mweupe. Amri set -o pipefail huziba mwanya huo, lakini ni bora zaidi kama wakala hana haja ya kukata kitu, kwa kuwa zana inahifadhi yote na kumwonyesha anachoomba.

Yabaki mambo mawili ya usalama. Matokeo ya terminali hubeba nywila na funguo za huduma. Zifichwe kabla hazijafika kwenye modeli. Pia hubeba maandishi ya watu wasiojulikana, kama vile yaliyomo kwenye faili lililopakuliwa, na humo mtu mwenye nia mbaya anaweza kupachika maagizo. Wakala ayachukulie kama habari ya kuchunguza, kamwe si amri ya kutii, na asiachiwe ruhusa zinazozidi kazi aliyopewa.

Ukiwa unajenga au unanunua mfumo wa aina hii, usiridhike na taarifa ya wakala kwamba kazi imekamilika. Dai rekodi nzima ya kikao, yenye kila amri, matokeo yake na namba iliyorudi, ambayo wewe mwenyewe unaweza kuifungua na kuisoma. Mfumo usioweza kukupa rekodi hiyo haufai kuachiwa seva yako.