Kabla ya Kuongeza Gesi, Pima Stima Kwanza

Mwezi wa Februari hapa Pwani si wa mchezo. Mwezi huo mzee mmoja mwenye teksi alituletea Toyota Corolla ya mwaka 1994 katika karakana yetu. Gari hilo ndilo shamba lake. Hubeba abiria kati ya Mombasa na Malindi, na abiria wa siku hizi akifungua mlango akikuta joto la tanuri, anatafuta gari lingine.

"Vijana wangu," alituambia, "nimeongeza gesi mara tatu tangu Krismasi. Kila mara kiyoyozi kinapoa siku mbili, halafu mambo yanarudi vile vile. Sasa nimeambiwa ninunue kompresa."

Pesa za kompresa alikuwa anataka kukopa kwenye chama. Akiba aliyobaki nayo ilikuwa karo ya mjukuu wake. Tulimwomba asubiri saa moja tu. Tuliyoyafanya katika saa hiyo ndiyo tunayowaeleza leo, maana magari ya namna hii ni mengi na pesa zinazopotea hivi ni nyingi.

Kwanza tuelewane kuhusu gesi. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua sana, kuna mahali inavuja, na kuongeza bila kuziba ni kumwaga pesa. Lakini pia kiyoyozi kinaweza kugoma hata gesi ikiwa imejaa, kwa sababu stima haifiki kwenye kompresa.

Stima inasafiri hivi

Mbele ya kompresa kuna puli inayozungushwa na mkanda wa injini. Puli hiyo huzunguka wakati wote injini ikiwaka, lakini kompresa yenyewe imelala. Ukibonyeza kitufe cha A/C, stima hupita kwenye fyuzi, swichi, rilei na swichi ya presha ya gesi, kisha hufika kwenye koili ya klachi ya kompresa. Koili hiyo hugeuka sumaku na kuvuta sahani ya mbele ishikane na puli. Hapo utasikia "tak!" na kompresa itaanza kazi. Baadaye stima hurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Njia ikikatika popote, kwenda au kurudi, hakuna baridi.

Unahitaji vitu viwili tu: taa ya kupimia ya volti 12 na mita ya kupima volti na omu. Usichome taa hiyo kwenye nyaya za kompyuta ya gari. Huko tumia mita peke yake.

Hatua kwa hatua

1. Sikiliza na utazame. Washa injini, washa feni ya ndani, bonyeza A/C. Usisahau feni, kwa maana katika magari mengi ya zamani ya Kijapani kompresa haipati stima feni ikiwa imezimwa. Kama feni inafanya kazi kwenye spidi ya juu kabisa tu, mara nyingi rezista yake imeungua. Sasa tazama kompresa. Sahani ikishika na hewa bado ni ya moto, huenda shida ni gesi. Ikishika na kuachia haraka haraka, mara nyingi gesi imepungua. Ikinyamaza kabisa, tafuta stima.

2. Kagua fyuzi. Pima pande zote mbili kwa taa. Ikiwa imeungua, weka nyingine ya ampia zile zile. Ikiungua tena, chomoa soketi ya kompresa na ujaribu fyuzi mpya. Ikidumu, hitilafu iko kwenye koili au waya wake. Kamwe usifunge fyuzi kwa waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi huungua ili gari lisiungue.

3. Pima kwenye soketi ya kompresa. Shika hasi ya betri kwa kibanio cha taa, kisha gusa waya unaoleta stima huku A/C ikiwa imewashwa. Taa ikikataa kuwaka, rudi nyuma hatua ya 4. Ikiwaka, nenda hatua ya 5.

4. Stima haifiki. Badilisha rilei na nyingine inayofanana nayo kabisa, kwa mfano ya honi, uone kama kutakuwa na tofauti. Kisha zima injini, chomoa soketi ya swichi ya presha na upime swichi kwa mita. Katika magari mengi ya zamani swichi hii hufungwa gesi ikiwa ya kutosha na hufunguka gesi ikipungua. Ukiikuta imefunguka, hapo ndipo umwone fundi wa gesi. Usiiunganishe kwa waya ili uendelee na safari. Gesi ndiyo inayotembeza oili ndani ya kompresa, na kompresa isiyo na oili hufa.

5. Stima inafika lakini klachi imenyamaza. Zima injini na upime koili. Nyingi huonyesha omu 3 hadi 5 hivi. Mita ikionyesha hakuna njia kabisa, koili imekatika. Koili ikiwa nzima, kagua njia ya kurudi. Kompresa nyingine hurudisha stima kupitia mwili wake, nyingine zina waya wa pili uliofungwa kwa boliti kwenye bodi. Rudisha soketi, washa injini na A/C, kisha pima volti kati ya boliti hiyo na hasi ya betri. Inapasa iwe karibu na sufuri. Ikizidi nusu volti, njia ya kurudi imeziba.

6. Tazama feni ya mbele. Ile inayopooza rejeta ya kiyoyozi isipozunguka, presha hupanda na swichi huzima kompresa. Hili huonekana zaidi gari likisimama kwenye msongamano.

Tulichokuta

Gari la mzee asubuhi lilikuwa linapoa vizuri tu. Tungemwambia "gari ni zima" angeenda zake na shida yake. Tuliliacha likinguruma juani mpaka likapata joto, na kweli, klachi ikaachia. Fyuzi ilikuwa nzima. Taa ikawaka vizuri kwenye soketi. Koili ikaonyesha omu 4. Lakini tulipopima boliti ya waya wa kurudi, mita ilisoma zaidi ya volti 4! Chumvi ya Pwani ilikuwa imekula boliti hiyo mpaka ikageuka kutu tupu.

Tazama jinsi taa ilivyotaka kutudanganya. Tuliishikiza kwenye betri moja kwa moja, kwa hiyo haikupitia ile boliti mbovu. Ilitueleza habari za kwenda tu. Za kurudi tuliambiwa na mita.

Na kwa nini gesi ilionekana kumsaidia? Kila alipokwenda kuongeza, gari lilisimama likapoa, na fundi akashikashika nyaya. Koili ikiwa baridi hupitisha stima vizuri zaidi, na waya uliotikiswa hushika kwa siku mbili tatu. Sifa zote akapewa gesi. Hatusemi fundi yule alikuwa mwizi. Alitibu homa bila kupima malaria.

Tulifungua boliti, tukaisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukaikaza na kuipaka grisi. Mzee alilipa ada ya kupima tu. Chama hakukopa, na karo ililipwa.

Tahadhari

Usifanye kazi karibu na mkanda ukiwa na leso, tai au mikono mirefu. Feni ya mbele inaweza kuanza yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo ondoa ufunguo. Usifungue bomba la gesi, kwani gesi ikitoka hugandisha inachogusa na inaweza kukupofua. Wala usichanganye gesi. Magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalijazwa R12, gesi inayoharibu tabaka la ozoni, ambayo nchi zinazoendelea zilitakiwa kuacha kuitumia kufikia mwaka 2010 chini ya Mkataba wa Montreal. Mengi yaliyofuata yalijazwa R134a. Soma kibandiko chini ya boneti.

Kama huwezi kupima mwenyewe, usione haya. Muulize fundi wako maswali matatu kabla ya kutoa pesa: Je, klachi inashika? Je, stima inafika kwenye kompresa gari likiwa limepata moto? Je, umepima waya wa kurudi? Fundi mwema atafurahi kukuonyesha. Asiyetaka kupima, mwambie utarudi kesho.