Pakinata, Narudisha Chapa

Chapa za meno kutoka kliniki za Thika hunifikia hapa Ruiru kwa boda, zimefungwa kwenye vikebe. Kazi yangu ni kumimina plasta ndani yake, nipate mfano wa jino, kisha nitengeneze taji la kulifunika. Mgonjwa mwenyewe simwoni kamwe. Naujua mdomo wake tu.

Kabla ya plasta, napitisha kidole pale jino lilipochongwa. Pakinata, najua kilichotokea: jino limezibwa kwa kompositi, ile dawa nyeupe inayogandishwa kwa taa ya buluu, na chapa ikachukuliwa papo hapo.

Chapa nyingi za mataji ni za silikoni inayogandishwa na kiungo chenye platinamu. Ni mali safi. Ikikwama kwenye foleni ya Thika Road au ikalala kwangu hadi kesho, umbo lake halibadiliki. Aljineti, ule unga unaotokana na mwani, haina subira hiyo. Usipoiwahi na plasta, husinyaa. Ila platinamu nayo ni nyepesi kuvurugwa. Kompositi inapogandishwa, oksijeni ya hewani huzuia uso wake usikauke sawasawa, ukabaki utando wa kunata usioonekana kwa macho. Silikoni ikigusana na utando huo hubaki uji, tena mara nyingi pale ukingoni ambapo taji linapaswa kubana. Jino la muda la plastiki likitengenezwa mdomoni kabla ya chapa huacha uchafu wa namna hiyo hiyo.

Halafu kuna glavu za lateksi. Mpira wake hutengenezwa kwa dawa zenye salfa, na salfa huilemaza platinamu. Wengi hudhani hatari ni kuikanda silikoni kwa glavu hizo. La, hata kulishika jino au uzi wa kusukuma ufizi kunatosha kuharibu chapa.

Kinachoniudhi ni kwamba kinga yake ni rahisi. Zibo lisuguliwe kwa unga wa pamisi na maji, au lipanguswe kwa pamba yenye spiriti. Wapo wanaolipaka gliserini kabla ya kulimulika kwa taa mara ya mwisho, hewa isiliguse, kisha wakaiosha. Glavu zibadilishwe, zivaliwe za nitrili. Hayo yote ni dakika chache tu, ilhali chapa ikirudiwa mgonjwa hupigwa ganzi upya na kulipa nauli tena.

Kwa hiyo ukizibwa jino na chapa ikachukuliwa siku hiyo hiyo, muulize daktari kama zibo limepanguswa. Si utovu wa adabu. Na ukipigiwa simu urudi kwa chapa nyingine, usikasirike, nenda. Taji lililotengenezwa juu ya chapa mbovu huacha mwanya ukingoni, bakteria wakaingia, na jino likaendelea kuoza chini ya taji ulilolilipia.