Maktaba ya Umma: Haki na Wajibu wa Mtumiaji

Neno "mtumiaji" likitajwa, wengi wetu huwaza sukari iliyopunjwa kwenye mizani, simu iliyoharibika siku ya tatu baada ya kununuliwa, au bili isiyoeleweka. Ni nadra kumfikiria mtahiniwa aliyeketi maktabani akijiandaa kwa mtihani, au mzee aliyeingia kusoma gazeti la siku hiyo. Hata hivyo, wao pia ni watumiaji. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo yatakayomwezesha kufaidika nazo, haki ya kulindiwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro. Kifungu hichohicho kinaeleza kwamba haki hizi zinahusu huduma za taasisi za umma sawa na zile za watu binafsi. Maktaba ya umma, basi, haikuachwa nje.

Katika makala haya tunaeleza unachoweza kutarajia maktabani, mambo ya kuuliza kabla ya kujiandikisha, na hatua za kuchukua mambo yakienda kombo.

Maktaba ni ya nani?

Zamani swali hili lilikuwa na jibu chungu. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni ilikuwa ya Wazungu pekee. Baada ya uhuru, Bunge lilipitisha sheria ya mwaka 1965 iliyounda shirika la kitaifa la maktaba, ambalo wengi hulijua kwa jina la KNLS, ili huduma hiyo imfikie kila mwananchi. Mwaka 1996 shirika hilo lilianza kuwapelekea vitabu jamii za wafugaji wa Garissa kwa ngamia, kwa kuwa msomaji anayehama na mifugo yake hawezi kulifuata jengo lililo mjini.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, ilizitaja maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kwa sababu hiyo, ada, saa za kufungua na kanuni za kuazima zinaweza kutofautiana kati ya kaunti moja na nyingine. Usidhani kwamba masharti uliyoyazoea mjini kwenu ndiyo yatakayokuwapo unakohamia.

Huduma utakazozikuta

Huduma inayojulikana zaidi ni kuazima vitabu na kwenda navyo nyumbani. Vipo pia vitabu vya marejeleo, kama vile kamusi na ensaiklopidia, ambavyo husomewa papo hapo. Mkutubi si mlinzi wa rafu. Kazi yake ni pamoja na kukusaidia kutafuta unachohitaji, hata kama hujui jina la kitabu wala la mwandishi. Mweleze shida yako kwa maneno ya kawaida: unataka kujua ugonjwa wa kuku, sheria ya urithi, au namna ya kuandika barua ya kuomba kazi.

Maktaba ya leo pia ni mahali pa kukutania. Katika matawi mengi utakuta pembe ya watoto, saa za hadithi, vyama vya wasomaji, na vijana wanaofundishana masomo. Kwa familia inayoishi katika chumba kimoja, meza tulivu na taa ya kusomea ni huduma kubwa kama kitabu chenyewe.

Watu wasioona na wengine wenye ulemavu unaowazuia kusoma chapa ya kawaida wana njia yao. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017. Mkataba huo unalenga kuwezesha vitabu kutayarishwa kwa breli, kwa sauti au kwa chapa kubwa, bila kuhitaji kwanza idhini ya mwenye hakimiliki. Tawi lako likiwa halina nakala ya namna hiyo, omba itafutwe.

Kabla ya kutia sahihi

Fomu ya uanachama ni mkataba. Isome yote, au uombe usomewe, kisha uulize maswali haya:

1. Ada ya uanachama ni kiasi gani, nayo hulipwa mara moja au kila mwaka?
2. Je, kuna amana, na hurejeshwa kwa masharti gani?
3. Naruhusiwa kuazima vitabu vingapi, na kwa muda gani?
4. Faini ya kuchelewa huhesabiwa vipi, na ina kikomo?
5. Kitabu kikipotea, thamani yake hukadiriwa kwa bei ya lini?

Fomu ikidai mdhamini, mweleze waziwazi anachokubali. Mdhamini huwa ameahidi kulipa ikiwa wewe utashindwa. Si haki jirani au mwalimu aliyekutilia sahihi kwa wema aje kudaiwa kitabu ambacho hata hajakiona. Kila malipo unayoyafanya, yawe madogo namna gani, yadai stakabadhi na uitunze.

Kitabu kikipotea au kikiharibika

Tunalitilia mkazo jambo hili kwa sababu madhara yake hayaonekani kwa haraka. Mtoto anaazima kitabu cha hadithi, mvua inamkuta njiani, na kurasa zinagandana. Mzazi, akihofia faini asiyoijua, anakificha kitabu kabatini. Miezi inapita na hofu inazidi. Hatimaye mtoto haendi tena maktabani, na kadi yake inabaki bila kazi. Deni ambalo pengine lilikuwa dogo limemgharimu miaka ya kusoma.

Tunakushauri uende mapema. Kipeleke kitabu kama kilivyo, ueleze yaliyotokea, na uulize njia zilizopo. Uliza kama unaweza kuleta nakala nyingine ya kitabu hichohicho badala ya fedha, kama faini inaweza kupunguzwa, au kama utaruhusiwa kulipa kidogokidogo. Mkishakubaliana na ukatimiza, omba uthibitisho wa maandishi kwamba hudaiwi. Na ukijua mapema kwamba utachelewa, omba muda uongezwe kabla ya tarehe ya kurudisha kufika.

Tahadhari kwenye kompyuta za umma

Wananchi wengi hutumia kompyuta za maktaba kujaza ritani za kodi, kuomba mkopo wa masomo au kutafuta huduma za eCitizen. Kumbuka kwamba atakayeketi baada yako atatumia kompyuta ileile. Usikubali kompyuta ihifadhi nenosiri lako. Jiondoe kwenye kila akaunti kabla ya kuinuka. Futa nakala za kitambulisho au vyeti ulivyovipakua, na uchukue karatasi zote ulizochapisha, hata zilizoharibika. Usimpe mtu nenosiri lako, awe mhudumu au kijana aliyejitolea kukusaidia. Mwache akuelekeze, lakini vidole viwe vyako.

Maelezo uliyoyatoa wakati wa kujiandikisha yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Una haki ya kuelezwa yatatumiwa kwa kazi gani.

Wajibu wako

Haki hizi huenda pamoja na wajibu. Usipige mistari vitabuni wala kuchana ukurasa. Atakayeuhitaji kesho huenda hana njia nyingine ya kuupata. Usinakili kitabu kizima, kwani hiyo ni haki ya mwandishi na mchapishaji. Msimu wa mitihani usiwekee kiti mkoba ukaondoka kwa saa nyingi, huku wengine wamesimama.

Ukiwa na malalamiko

Anza na mkutubi msimamizi wa tawi, kwa maandishi, ukitaja tarehe na kilichotokea. Usiporidhika, peleka barua kwa idara ya kaunti inayosimamia maktaba. Ikiwa unanyimwa maelezo, kwa mfano jinsi ada zinavyotumiwa, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo huitaka taasisi ya umma kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Ukipuuzwa, ofisi ya Ombudsman hupokea malalamiko dhidi ya taasisi za umma.

Kuna upungufu ambao barua ya malalamiko haiwezi kuuondoa: rafu zenye vitabu vikuukuu, paa linalovuja, tawi linalofungwa mapema kwa kukosa wahudumu. Hayo huamuliwa katika bajeti. Serikali ya kaunti ina wajibu wa kuwashirikisha wananchi inapopanga matumizi yake, na vikao hivyo hutangazwa. Vikitangazwa kwenu, hudhuria, utaje maktaba kwa jina lake na useme inachokosa. Usipokuwapo, fedha zitapangiwa mahitaji ya waliohudhuria.