Fundi wa Usiku na Maziwa ya Asubuhi

Viwanda vingi vya chakula hufanya usafi na matengenezo makubwa usiku, kwa kuwa mchana laini zinatakiwa zitoe mzigo. Mwenye kazi hiyo ni fundi mitambo wa zamu, na kwa mazoea tunamhesabu kuwa mtu wa mashine tu: kitu kikiharibika anaitwa, akimaliza anarudi karakana. Nasema tunakosea. Kazi yake ni ya usalama wa chakula sawasawa na kazi ya mtu wa maabara, na kiwanda kisichompa mamlaka ya kusimamisha laini kinahatarisha afya za wateja wake.

Tuchukue mtambo wa kupasha maziwa. Maziwa hupashwa hadi nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15, na joto likipungua vali huyarudisha yapashwe upya. Ndani yake kuna mabamba membamba ya chuma kisichoshika kutu. Upande mmoja wa bamba yanapita maziwa mabichi, upande wa pili yaliyokwisha kupashwa, yakipeana joto. Bamba likipata ufa usioonekana kwa macho, kinachomlinda mnywaji ni shinikizo: likiwa kubwa upande wa maziwa safi, yatakayovuja yataingia kwenye mabichi. Pampu ikichoka na shinikizo likageuka, mabichi yanaingia kwenye safi, huku kipimajoto kikiendelea kusoma 72. Fundi anayebadilisha mpira wa kuzibia mabamba hayo saa nane usiku hana budi kuhesabu kila bolti na kila spana iliyoingia, kufuta grisi iliyozidi, kisha kuhakikisha mabomba yameoshwa upya kwa soda kali na asidi kabla maziwa hayajapita. Akiruka hatua hiyo ya mwisho kwa sababu msimamizi anataka mzigo, mashine itazunguka vizuri kabisa. Hapo ndipo ilipo hatari, kwamba kosa lake halipigi kelele.

Yaliyotokea Japani yanatosha kuwa ushahidi. Tarehe 31 Machi 2000 umeme ulikatika kwa takriban saa 3 katika kiwanda cha maziwa huko Taiki, Hokkaido. Maziwa yalikaa vuguvugu, bakteria wakazaliana na kutoa sumu. Yalipopashwa baadaye bakteria walikufa, lakini sumu yao huvumilia joto, ikabaki. Unga wa maziwa hayo ulitumika kutengenezea bidhaa nyingine, na kufikia Julai watu zaidi ya 13,000 walikuwa wameugua, wengi wao eneo la Osaka. Mitambo ilikuwa imewaka tena na kazi kuendelea. Hakuna aliyeamua maziwa yale yamwagwe. Kwetu, ambako umeme kukatika si habari, anayejua jenereta ilichelewa dakika ngapi na tangi lilipanda joto kiasi gani ni fundi wa zamu.

Wapo watakaosema maabara itagundua. Maabara hupima pakiti chache kati ya maelfu, na majibu ya baadhi ya bakteria huchukua siku kadhaa. Wengine wataegemea vihisi na kompyuta, wakisahau kwamba kihisi nacho huchoka, na anayekikagua ni fundi yuleyule. Pingamizi lenye uzito ni la gharama: maziwa hayasubiri, na laini ikisimama saa 2 hasara inaweza kumfikia hata mfugaji. Ni kweli. Ndiyo maana mamlaka hayo yawe na utaratibu: fundi asimamishe, aandike sababu kwenye daftari la zamu, na asubuhi meneja na mtu wa ubora waipitie. Asiadhibiwe kwa kusimamisha kwa nia njema, hata ikionekana hapakuwa na tatizo.

Itasemwa pia kwamba analipwa nyongeza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nchini Tanzania inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na inamtaka mwajiri aongeze angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Ni haki yake, ila fedha hairudishi usingizi. Umakini wa binadamu hushuka sana kuelekea alfajiri, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili kwenye kundi la mambo yanayodhaniwa kusababisha saratani mwaka 2007, likarudia msimamo huo kuhusu kazi ya usiku mwaka 2019. Kumwacha mtu mmoja na kiwanda kizima saa kumi usiku, bila msaidizi wa kukagua alichofunga, ni kubana matumizi mahali pabaya.

Wenye viwanda, wekeni mafundi wawili kila zamu ya usiku, wapeni mafunzo ya usalama wa chakula kama mnavyowapa watu wa maabara, na andikeni kwenye kanuni za kazi kwamba wanaweza kusimamisha laini bila kumpigia mtu simu.